Mchele Chumba cha Nne, Kinu Jikoni

Juma lililopita nilirudisha aproni na funguo za stoo, na kabla sijafika langoni nyinyi vijana wa jikoni mkanishika mkono: "Mzee Charo, usiondoke bila kutuandikia ile ya Wajapani." Kumbe kila mmoja wenu ana yake. Mmoja asema nilitwanga nikiwa nimevaa joho la hariri. Mwingine asema bosi alimpasua nduguye kichwa kwa mchi. Uongo mtupu! Sasa nimekaa barazani kwangu Matsangoni, mgongo umetulia kwa mara ya kwanza tangu ujana, nawaandikia jinsi ilivyokuwa. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Hata nikiziandika hazitajaza ukurasa.

Nilianza kazi Malindi, katika hoteli ya Waitaliano, chini ya mpishi mkuu Bwana Athumani, Mswahili wa Shela, mtu wa kofia safi na maneno makali. Siku ya kwanza aliniuliza najua kupika nini. Nikamjibu kifua mbele, "Kila kitu." Akanipa kitunguu na kisu. Nilipomaliza alikitazama kile kitunguu kwa huruma, akasema, "Wallahi, hiki hukukikata. Hiki umekigombeza." Msimu mzima sikuruhusiwa kugusa kitu kingine ila vitunguu. Nilikuwa nikirudi nyumbani macho mekundu kila jioni, na Mama Riziki, ambaye ndiyo kwanza nimemuoa, akawaambia watu wa kwao kwamba huenda najuta.

Lakini kazi alinifunza. Alinionyesha kunoa kisu kwenye kitako cha kikombe, kisu kimelazwa, kumjua samaki kwa mashavu yake, na kumuuliza mgeni kwao hula nini kabla ya kumwekea vyetu. "Mtu akifika hapa," alisema, "tumbo lake bado liko njiani. Lipe siku kidogo." Na katika jikoni ile nilijifunza Kiitaliano, chote cha kupigiwa kelele: chumvi, moto, haraka, mpumbavu wewe. Mpaka leo siwezi kumwamkia Mwitaliano kwa adabu, lakini kugombana naye naweza vizuri sana.

Hoteli ile ilipofungwa nikapata kazi hapo kwenu, nyumba ya wageni ikiwa imenunuliwa punde na Bwana Nelson. Nilipomwona mara ya kwanza nikasema moyoni, huyu ni Mchina wa barabara. Mji mzima ulisema hivyo. Watoto walimfuata nyuma wakiimba "Mchina! Mchina!" na yeye akageuka kwa upole akawaambia kwamba si Mchina, ni Mbrazili. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana Wabrazili watoto wale waliwajua vizuri kwa mpira, na hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Ukweli ni kwamba wazee wake walitoka Japani wakaenda kulima kahawa Brazil, naye akazaliwa huko, lugha yake ikawa Kireno. Mzee mmoja wa Shela aliposikia kuwa ni msema Kireno aliweka kikombe chake chini, akauliza, "Lo! Wamerudi tena hawa?"

Kireno chake na Kiitaliano changu vilikuwa na undugu wa kutosha kuendesha jiko. Kasoro ni ile adabu. Wiki ya kwanza, kila nilipotaka aondoke karibu na moto, nilimwambia neno nililolijua, "Haraka, mpumbavu wewe," na yeye alicheka mpaka akakaa chini. Mtu anayetukanwa na mpishi wake akacheka, huyo utafanya naye kazi. Baadaye alijifunza Kiswahili, kikamkaa sawasawa, na siku moja tukichambua maharagwe akaniambia, "Charo, Brazil waniita Mjapani. Ndugu yangu Jorge alikwenda Japani kufanya kazi kiwandani, na huko wamwita Mbrazili. Hapa nimekuwa Mchina. Namngoja mtu mmoja tu aniite Nelson." Nikamwambia asijisumbue. Mimi Mombasa naitwa mtu wa Malindi, Malindi naitwa mtu wa Matsangoni, na Matsangoni kwenyewe naitwa mume wa Mama Riziki.

Habari za huyo Jorge ziliishia hapo, na nilipouliza zaidi akainuka akaenda kuangalia jenereta, ambayo haikuwa na shida yoyote. Nilikuja kujua polepole. Baba yao alipofariki, ndugu hawa wawili walikutana mazikoni, kila mmoja akamlaumu mwenzake kwa kumwacha mama peke yake na kwenda nchi za mbali. Tangu siku ile hawakusemezana. Ati hata salamu za sikukuu kila mmoja alizipitisha kwa mama, na mama akakataa kuzibeba.

Basi mwaka mmoja, Disemba, vyumba vimejaa, Bwana Nelson aliingia jikoni uso umempauka. "Mama yangu anakuja," akasema. "Na amemwita Jorge aje hapa hapa." Nikamwambia hizo ni habari njema. Akatikisa kichwa. Mama yake alikuwa ametoa amri kwa simu: mwaka mpya huu watoto wake wawili watatwanga mochi pamoja, kama ilivyokuwa baba yao alipokuwa hai. Mochi ni mchele wa kunata, unapikwa kwa mvuke, unatwangwa ungali moto mpaka unakuwa donge laini, kisha unafinyangwa viduara. Kwao mwaka mpya bila mochi ni kama Idi bila biriani. "Asema ataka kutusikia tukizungumza kabla hajafumba macho," Bwana Nelson akaniambia. "Tusipozungumza, atarudi kwake, na asema tusimfuate hata kumzika." Akanigeuzia mgongo. Nikajitia kutafuta chumvi.

Hofu ikimwingia mtu mkubwa hufanya vituko. Bwana Nelson aliamua mama yake akute Japani nzima hapa Malindi. Akatundika taa za karatasi, nazo upepo ukazila siku ileile. Akatengeneza meza fupi ya kukaliwa chini. Akasikia kwamba mochi Japani hutwangwa kwa nyundo kubwa ya mti, tukaenda kwa fundi wa Gede kuichonga. Fundi akauliza, "Ni ya kuulia ng'ombe au ya kubomolea ukuta?" Bwana Nelson akamjibu, "Ya wali." Fundi akanitazama mimi, nami nikatazama barabarani.

Bibi akafika. Kimo chake chanifika kiwikoni, ana fimbo, ana mkoba asiouachia hata akila. Wote walimwita Bachan, ndivyo Wajapani wa Brazil wamwitavyo bibi, na mimi nikamwongezea shikamoo, akaipenda. Aliitazama meza fupi akauliza, "Na magoti yangu atayanyanyua nani?" Akaletewa samaki mbichi aliyekatwa kwa ufundi wangu wote. Akamsukuma kando taratibu, akaniuliza kama hakuna maharagwe. Maharagwe! Tulikuwa nayo ya nazi, tuliyojipikia wenyewe wafanyakazi. Alikula sahani mbili na wali, akanipiga kofi dogo la shavu kama mtoto aliyefaulu mtihani, na mimi nina wajukuu.

Kisha akaonyeshwa nyundo. "Hii mwachinjia nguruwe?" akauliza. Bwana Nelson akamweleza kwamba hii ndiyo ya asili, ya Japani hasa. Bachan akacheka. Akasema baba yake alipofika shambani Brazil hakuwa na nyundo wala jiwe la kutwangia. Alitwanga kama walivyotwanga majirani wa pale: gogo lililochongwa tundu, na mti mrefu ulionyooka. "Mochi yangu haijapata kuona nyundo tangu nizaliwe," akasema. Nikamwambia, "Bachan, kitu hicho mke wangu anacho uani." Bwana Nelson akaiegemeza nyundo ukutani. Nyundo ndiyo ile mnayozuilia mlango wa dobi, nyinyi mnaouliza kila siku ilitoka wapi.

Jorge naye akafika kutoka Japani na binti yake Emi, msichana wa chuo. Alikuwa mnene kidogo kuliko nduguye, lakini sura moja, na kununa kumoja. Ndani ya sanduku lake, katikati ya masweta, alibeba mfuko wa ule mchele wa kunata, kwa sababu pishori yetu, na utamu wake wote, hainati hata uipige vipi. Akapanda nao chumba cha nne akafunga mlango. Alasiri ileile kinu kikafika kutoka Matsangoni katika pikapu ya mboga, na Mama Riziki amekikalia. "Kinu cha mamangu hakiendi hotelini peke yake," akasema, akashuka nacho akakiweka jikoni kwangu, akakaa kando yake.

Sasa oneni mambo. Mchele uko chumba cha nne, kinu kiko jikoni, na mwenye hiki hataki kumwomba mwenye kile. Mezani waliketi pande mbili za mama yao. Mmoja akitaka chumvi, anamwomba Emi. Emi anamwomba bibi. Bibi anajitia hasikii. Kitu pekee kilichochangamsha meza ile ni Bachan na mjukuu wake wakiongea Kijapani. Emi alikuwa akifunika mdomo kwa kicheko. Aliniambia bibi yake anaongea kama watu wa shamba wa zamani sana, maneno ambayo Japani hayasikiki tena. Bachan alipoambiwa hivyo akajibu, "Mimi nakisema kama nilivyopewa na mama yangu. Wao ndio waliokibadilisha bila kuniuliza." Nikamwelewa kabisa. Nina wajukuu Nairobi wanaosikia Kigiriama changu wakadhani nakohoa.

Bachan alikuwa na masharti ya tarehe. Ishirini na tisa kutwanga ni mwiko, yaleta mashaka. Thelathini na moja ni kuudharau mwaka, kama mtu anayefagia mgeni akiwa tayari mlangoni. Kwa hiyo ni tarehe thelathini, basi. Na mchele lazima ulowekwe tangu jana yake. Asubuhi ya ishirini na tisa nikamwambia Bwana Nelson nahitaji mchele. Akasema, "Mwambie yule bwana aulete." Nikapanda ngazi. Yule bwana akasema, "Mwambie yule mwenye kinu aje auombe mwenyewe." Nikashuka. Nikapanda tena. Tatizo, na hili Bwana Athumani angelicheka kaburini, ni kwamba kwa Jorge nilikuwa na Kiitaliano changu tu, kile cha kugombeza. Nelson akinituma kwa upole, ujumbe ulifika juu umekunja ngumi. Safari ya mwisho nilitaka kumwambia Jorge tafadhali tuharakishe, na nyinyi mwajua ni neno gani nililokuwa nalo la kuharakisha. Akanifungia mlango usoni.

Nikarudi jikoni nikaketi kama niliyefiwa. Mama Riziki akaniuliza nini. Nikamweleza. "Mulungu wangu!" akasema. "Wanaume wazima?" Akajifunga leso kiunoni, akapanda ngazi, akabisha chumba cha nne. Jorge alipofungua, mke wangu alipita ubavuni mwake, akauona mfuko mezani, akauinua akajitwika kichwani, akatoka. Hakuna binadamu awezaye kumzuia mwanamke wa Kigiriama aliyekwisha kujitwika. Jorge alimfuata ngazi nzima, akimsihi kwa Kireno, kisha kwa Kijapani, na yeye akimwitikia kwa Kigiriama "ehe, ehe," kama anayeongea na jirani. Akafika, akaumimina mchele wote katika sufuria ya maji. "Haya," akasema. "Nunianeni, wenyewe unalowa."

Siku ya pili asubuhi niliuchemsha kwa mvuke, nimeuweka katika chujio kubwa juu ya sufuria na kitambaa safi juu yake. Kinu kilikuwa uani, kimesuguliwa na kumwagiwa maji moto. Bachan alipokiona aliweka fimbo chini, akakigusa ukingo kwa mikono miwili. Wafanyakazi wote walikuwa wamejazana, maana habari ilikwisha kuenea kwamba wanaume watatwanga. Kwetu mwanamume akishika mchi watu huuliza mkewe amekimbilia wapi. Bwana Nelson alipoushika, akauinua begani kama anayekwenda kupasua kuni, wanawake wa usafi wakajifunika leso vinywani, na Mama Riziki akamkamata kiuno akamgeuza: "Simama hivi, baba. Wima! Mchi huinuliwa, hautupwi!"

Nikaumimina mchele kinuni, na Bachan akaeleza kazi. Mmoja anatwanga. Mwingine, baina ya pigo na pigo, anaingiza mkono uliolowa maji kinuni, analigeuza donge, anautoa kabla mchi haujashuka. Zamani baba yao alitwanga na yeye akageuza. Leo Nelson atatwanga, na Jorge atageuza.

Ule mchi ni mti mzito, vijana, mimi nauinua kwa kupumzika. Jorge aliutazama, akamtazama aliyeushika, akaficha mikono nyuma. Akamwambia mama yake kwa Kireno, na ugomvi mimi nauelewa katika lugha yoyote ya upande ule, "Huyu alituacha akakimbia. Simpi hata kidole." Nelson naye akamwambia mama yake, "Muulize nani alitangulia kupanda ndege." Hata wakigombana, waligombana kwa kupitia kwake. Mchele ulikuwa ukipoa, na mochi ikipoa haitwangiki, umekwisha. Nikaona jinsi jambo lile litakavyomalizika, bibi wa watu atapanda gari kwenda uwanja wa ndege na mkoba wake, na roho ikaniuma.

Bachan alinikabidhi mkoba wake. Akapandisha mkono wa sweta, akainama, akaingiza mkono wake mwenyewe ndani ya kinu. "Piga," akamwambia Nelson.

"Mama, toa mkono."

"Piga. Mchele unapoa."

Mkono wenyewe mishipa mitupu, mwembamba kama wa mtoto. Nelson aliuinua mchi, ukabaki juu. Hakuushusha. "Baba yenu alinipiga vidole mara nyingi," Bachan akasema. "Nikamtukana, tukaendelea. Nyinyi mwaogopa nini?"

Ndipo Jorge alipopiga magoti, akautoa mkono wa mama yake, akaingiza wake. Akamtazama nduguye usoni, akafoka kwa sauti iliyowatoa wageni kwenye vyumba: "Piga basi! Na ukinivunja kidole, nakuvunja pua!"

"Ukiuchelewesha kama kobe, nitavivunja vyote!" Nelson akamjibu.

Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu mazikoni. Mama Riziki hakujua lolote la hayo, alichoona ni kwamba kazi imeanza, akaanza kupiga makofi na kuwahesabia zamu kwa sauti: "Tuu! Toa! Tuu! Toa!" Mapigo ya kwanza yalikuwa ya woga. Kisha yakashika. Kila mchi ulioshuka Nelson alishuka na lawama, na kila mkono ulioingia Jorge aliingia na jibu. Nani aliuza pikipiki ya baba. Nani hakupiga simu mama alipougua. Nani alipendwa zaidi. Tuu! Toa! Emi, ambaye Kireno chake ni kidogo, akaninong'oneza wanasema nini. Nikamwambia wanaimba. Jasho lilichanganyika na machozi nyusoni mwao wote wawili, na mimi pia, sioni haya kusema, nililia waziwazi uani mbele ya watu wa dobi, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Mochi ikawa. Ilinata kinuni, mchini, nyusini mwa Jorge, kwenye leso ya Mama Riziki. Yeye alionja akatafuna, akatafuna, mwishowe akaniuliza kwa Kigiriama kama wenyewe huimeza au huishia kuitafuna tu. Nilithubutu kupendekeza tui la nazi na sukari kidogo. Bachan akanitazama kwa macho ya Bwana Athumani, kisha akakubali, kisha akaomba tena. Viduara viwili vya kwanza vikawekwa mbele ya picha ya marehemu mumewe aliyoitoa mkobani, kimoja juu ya kingine, kama desturi yao ilivyo. Hapo ukazuka ugomvi mpya: cha nani kikae juu, cha mkubwa aliyetwanga au cha mdogo aliyegeuza. Walibishana mpaka chakula cha mchana, pua kwa pua, na wageni wa chumba cha sita wakaniuliza kama kuna hatari.

Bachan alikuwa kitini na kahawa yake, macho ameyafumba. Nikadhani kelele zamchosha, nikaanza kuondoka niende kuwanyamazisha. Akanivuta aproni. "Waache," akasema. "Miaka yote hiyo nyumba yangu imekuwa kimya. Kelele hizi ndizo nilizozifuata mpaka huku."

Alirudi Brazil, na wanawe wakawa wanapokezana kwenda kwake. Mwaka uliofuata aliugua, wakaenda wote wawili. Bwana Nelson aliporudi hakupitia ofisini. Alikuja moja kwa moja jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi, nikampa chai, nikangoja.

"Tulikuwa tukibishana, Charo," akasema. "Mimi nataka dirisha lifunguliwe, Jorge ataka lifungwe. Tukamsikia akicheka kitandani nyuma yetu. Tulipogeuka, alikuwa amekwisha kwenda."